Kompyuta Kuukuu Inapoamshwa na Diski ya Nje

Mezani kwa fundi ipo laptopu ya mwaka 2008 hivi. Pembe za kifuniko zimechubuka, na kwenye kibodi herufi A na E zimefutika kwa kuguswa. Ikiwashwa inaonyesha nembo, inasita, kisha kioo kinabaki cheusi na mstari mmoja wa maandishi meupe ya Kiingereza yanayosema mfumo endeshi haukupatikana. Mwenye mali ni mama wa makamo. Mafundi wawili waliotangulia wamemwambia kompyuta imekufa, anunue nyingine.

"Fundi, ina maana na picha za harusi ya mwanangu ndiyo basi tena?"

"Subiri kwanza, mama. Inayosumbua ni diski ya ndani. Kompyuta yenyewe bado haijanikataa."

Anachomoa flashi iliyoning'inia kwenye funguo zake, anaichomeka ubavuni, anawasha, na papo hapo anaanza kubonyeza F12 mfululizo kama mtu anayebisha hodi usiku wa manane. Inajitokeza orodha ya mistari minne. Anachagua wa tatu. Dakika mbili tatu baadaye ile kompyuta iliyotangaziwa msiba inaonyesha skrini ya Linux na rangi zake zote, na saa ya pembeni inasoma Januari 2007.

Nimeliona tukio la namna hii mara nyingi, na kinyume chake pia: flashi ileile inachomekwa kwenye mashine ya meza ya pili, ambayo ni mpya zaidi, na hakitokei kitu. Hapo jibu la haraka ni kwamba mashine ni ya zamani, au flashi ni mbovu, na majibu yote mawili hayamsaidii mtu. Kwa jambo hili uzee wa kompyuta haupimwi kwa prosesa wala kwa ram. Unapimwa kwa programu ndogo iliyohifadhiwa kwenye chipu ya ubao mama, na kwa jinsi programu hiyo inavyokabidhi kazi kwa anayeifuata.

Maana kuwaka kwa kompyuta ni mbio za kupokezana vijiti. Umeme unapoingia, prosesa haijui diski ni nini. Inachojua ni kuanza kusoma maagizo kwenye anwani moja maalumu, na anwani hiyo inaelekea kwenye ile chipu. Kwa kompyuta zote za uzao wa IBM PC, iliyotoka Agosti 1981, mkimbiaji huyu wa kwanza aliitwa BIOS. BIOS inapima ram, inaamsha kioo na kibodi, kisha inatafuta diski. Ikiipata inasoma sekta ya kwanza peke yake, baiti 512, ambazo kwa maandishi ya kawaida hazizidi aya moja fupi ya gazeti. Inaziweka kwenye ram mahali pake pa siku zote, anwani ambayo mafundi wa ndani huiandika 7C00, inatazama kama baiti mbili za mwisho ni 55 na AA, na zikiwa hivyo inarukia humo. Haiulizi zimeandikwa na nani wala zinataka nini. Katika zile baiti 512, 64 zimekwisha kuchukuliwa na jedwali la sehemu za diski, sehemu nne tu, utaratibu uliokuja na DOS 2.0 mwaka 1983 wakati IBM ilipoanza kuweka diski ya megabaiti 10 ndani ya PC. Nafasi iliyobaki ni finyu mno. Inatosha kuandika programu moja yenye kazi moja: kumtafuta mkimbiaji wa pili.

Huyo wa pili ni kipakiaji, kama GRUB ya Linux au kile cha Windows. Ana akili zaidi, anaweza kuonyesha menyu na kusoma mafaili, lakini macho bado anaazima kwa BIOS: kila anapotaka kitu kwenye diski anaiomba BIOS imsomee. Kazi yake ni kukipakia kiini cha mfumo. Na kiini kikishaingia, mambo yanabadilika kabisa. Kinaisukuma BIOS pembeni, kinashika vifaa vyote kwa mikono yake na kwa draiva zake, kisha kinaanza kuitafuta diski upya, kana kwamba hakuna aliyewahi kuiona.

Hapo ndipo ilipo siri ya shughuli yote. Diski moja inatafutwa mara mbili, na watafutaji wawili wasiofahamiana. Wa kwanza anaweza kuipata na wa pili akaikosa. Kwa diski ya ndani hatulioni jambo hili kwa sababu wote wawili wameizoea njia. Diski ikiwa nje, kwenye waya wa USB, kila makabidhiano yanakuwa nafasi ya kijiti kuanguka.

Tuanze na mtafutaji wa kwanza, ambaye ndiye anayelaumiwa zaidi. BIOS ilibuniwa miaka 15 kabla ya USB. Toleo la kwanza la USB lilitangazwa Januari 1996, na lengo lake lilikuwa kibodi, kipanya na printa; hakuna aliyekuwa na haraka ya kuwashia kompyuta humo. Kwa hiyo kompyuta nyingi za mwishoni mwa miaka ya 1990 zina matundu ya USB yanayofanya kazi vizuri baada ya mfumo kuwaka, ila BIOS yake haiyajui kabisa. Matundu hayo ni kama mlango uliofunguliwa upande mmoja tu. Unaweza kubonyeza F12 mpaka kidole kiume.

Baadaye watengenezaji waliifundisha BIOS kujifanya. Diski ya USB ikichomekwa, BIOS inaipa namba 80, kwa hesabu ya kumi na sita, ambayo tangu zamani ni namba ya diski ngumu ya kwanza. Diski ya ndani inasukumwa hadi 81. Programu zinazofuata zinadanganywa kwamba zinasoma diski ya kawaida, na mradi kila mtu akubali uongo huo mambo yanakwenda. Matatizo yanaanza pale uongo unapokuwa wa aina nyingi. Kwenye BIOS za mwanzoni mwa miaka ya 2000 utakuta machaguo matatu yanayofanana: USB-FDD, USB-ZIP na USB-HDD. La kwanza linaichukulia flashi kama diski laini ya zamani, ile ya megabaiti 1.44, isiyo na jedwali la sehemu. La pili linaichukulia kama diski ya Zip, kifaa kilichovuma miaka ya 1990 kisha kikasahaulika, chenye namna yake ya kuhesabu sekta. La tatu linaichukulia kama diski ngumu. Flashi iliyotayarishwa kwa namna moja ikisomwa kwa namna nyingine, BIOS itakwambia hakuna kitu, nayo haitakuwa imesema uongo kwa kipimo chake.

Upo mtego mwingine ambao umewapotezea watu saa nyingi kuliko huo. BIOS nyingi za kipindi hicho haziweki flashi kwenye orodha kuu ya vifaa vya kuwashia. Zinaiweka ndani ya orodha ndogo ya diski ngumu, na huko inaonekana tu ikiwa ilikuwa imechomekwa kabla ya kuwasha. Mtu anaingia kwenye BIOS bila flashi, hakuti neno USB, anaamua mashine yake haina uwezo huo. Chomeka, zima kabisa, washa, ingia F2 au Delete, fungua orodha ya diski ngumu, ipandishe flashi juu ya diski ya ndani. Kwenye mashine za baadaye menyu ya mara moja inakuepusha na yote hayo: F12 kwa Dell, Lenovo na Toshiba, Esc au F9 kwa HP, Esc kwa laptopu nyingi za Asus.

Na ikiwa BIOS haijui USB hata chembe? Tiba ni kumwingiza mkimbiaji wa ziada katikati. Kompyuta za kuanzia nusu ya pili ya miaka ya 1990 kwa kawaida zinajua kuwaka kwa CD, shukrani kwa utaratibu wa El Torito uliotolewa na Phoenix na IBM Januari 1995. Wenyewe nao ulianza kwa kujifanya: CD ilibeba picha ya diski laini, na BIOS ikaamini inasoma diski laini. Basi unachoma CD yenye programu ndogo iitwayo Plop Boot Manager, ambayo imebeba draiva yake ya USB. BIOS inaisoma CD, Plop inaiamsha USB, na flashi inapokea kijiti kutoka hapo. Nimeona ikifanya kazi kwenye Pentium III, na uzuri wake ni kwamba hauhitaji kugusa diski ya ndani wala BIOS. Ubaya wake ni kasi. USB 1.1 ya mashine hizo ina kikomo cha megabiti 12 kwa sekunde, ambacho kwa vitendo ni kama megabaiti moja. Mfumo wenye ukubwa wa CD nzima, megabaiti 700, utachukua dakika kumi na kitu kupita kwenye waya huo, wakati CD yenyewe ingeupitisha haraka zaidi. Kwa mashine hizo napendekeza kuachana na flashi na kutumia CD moja kwa moja. Wanaokumbuka enzi ambazo kampuni ya Canonical ilikuwa ikiwatumia watu wa nchi yoyote CD za Linux ya Ubuntu bure, huduma iliyofungwa mwaka 2011, huenda bado wanazo kabatini ndani ya bahasha zake za karatasi.

Kuna wakati kijiti kinaanguka kabla hata BIOS haijaanza kutafuta, na sababu ni umeme. Tundu la USB 2.0 linapaswa kutoa miliampea 500 kwa volti 5, yaani wati mbili na nusu. Kwa flashi ni nyingi kupita kiasi. Kwa diski ya nje yenye sahani inayozunguka, ile ya inchi 2.5, ni kidogo, hasa sekunde za mwanzo inapojivuta kuanza kuzunguka. Dalili yake ni ya kusikika: diski inalia tik, inatulia, tik tena. Watu husema diski imekufa. Jaribu kwanza matundu ya nyuma ya kompyuta ya mezani, kwani ya mbele mara nyingi yanafikishiwa umeme kwa waya mrefu na mwembamba. Ndiyo maana pia diski za nje za zamani zilikuja na waya wenye vichwa viwili vya USB: kimoja cha data, kingine cha kunyonya umeme wa tundu la jirani. Waya huo wengi waliutupa pamoja na boksi.

Ukubwa wa diski nao una historia yake. BIOS za kabla ya mwaka 2002 hivi huhesabu sekta kwa biti 28, na hesabu hiyo inaishia gigabaiti 137. Ukiweka kiini cha mfumo mwishoni mwa diski ya nje ya terabaiti moja, kipakiaji, anayeazima macho ya BIOS, hawezi kufika huko. Kiini chenyewe kingeweza, ila hakipati nafasi ya kuamka. Dawa ni kutenga sehemu ndogo mwanzoni mwa diski kwa ajili ya kipakiaji na kiini, na mengine yakae popote.

Sasa mtafutaji wa pili. Kwenye Linux, kiini kinapoamka kinakuwa na mfuko mdogo wa draiva uliopakiwa pamoja nacho. Mfuko ukiwa umefungwa kwa kufuata mahitaji ya kompyuta ambako mfumo uliwekwa kwanza, unaweza kukosa draiva ya USB ya kompyuta hii nyingine. Hata draiva ikiwemo, diski ya USB inahitaji sekunde kadhaa kujitambulisha, na kiini chenye haraka kitakata tamaa kabla. Matokeo ni yaleyale: menyu nzuri ya GRUB, maandishi yanapita, kisha unaachwa kwenye mstari mtupu wenye neno initramfs. Aliyeufikia mstari huo asihangaike na BIOS tena, maana BIOS ilimaliza kazi yake kwa heshima. Neno moja likiongezwa kwenye maagizo ya kiini, rootdelay na sekunde kumi, mara nyingi linatosha. Kosa jingine la ukoo huu ni kuitaja diski kwa jina la foleni, kama sda, jina linalobadilika kadiri vifaa vinavyochomekwa. Itajwe kwa UUID, namba yake ya kuzaliwa, na foleni haitakuwa na maana.

Windows ina hadithi ndefu zaidi na ya huzuni zaidi. XP haikuandaliwa kuishi kwenye USB: draiva za USB zilipakiwa kwa kuchelewa, na zilipoingia ziliuanzisha upya mtandao wa USB ambao mfumo wenyewe ulikuwa umekalia. Ni sawa na mtu kukata tawi alilolikalia. Kioo cha bluu chenye namba 7B kilichowakumba wengi maana yake ni hiyo tu, kwamba kiini kimeamka na hakioni diski kilikotoka. Microsoft yenyewe ilitoa Windows To Go pamoja na Windows 8 mwaka 2012, kwa matoleo ya makampuni, kisha ikaiondoa kwenye Windows 10 mwaka 2020.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa Windows 7, kwa sababu unaonyesha makabidhiano kwa macho. Fundi anataka kupiga window kwenye kompyuta ya mwaka 2012. Flashi inakubali, nembo inawaka, programu ya kuweka mfumo inafunguka, inauliza lugha, kisha ghafla inadai inakosa draiva ya CD. Fundi anashangaa: CD ipi, na kila kitu kimetoka kwenye flashi? Flashi ilichomekwa kwenye tundu la bluu, la USB 3.0. BIOS inalijua tundu hilo na iliisoma flashi bila shida. Windows 7, iliyotoka 2009, haikuja na draiva ya USB 3.0, kwa hiyo baada ya kuamka haioni tena flashi iliyoileta. Anaihamishia kwenye tundu jeusi na kuanza upya, na kazi inaendelea. Hakuna kilichokuwa kibovu popote.

Mac zina mila tofauti, na nitazipitia kwa haraka. Zile za prosesa ya PowerPC ziliwaka kwa diski ya nje kiungwana tangu mwaka 2000 hivi, kwa kushikilia kitufe cha Option, lakini kupitia FireWire, waya wa megabiti 400 kwa sekunde, na USB haikuwa njia rasmi. Zilikuwa hata na ujanja ambao ulimwengu wa PC uliuonea wivu: ukishikilia herufi T wakati wa kuwasha, Mac nzima inageuka diski ya nje ya Mac nyingine. Mwaka 2006 Apple ilipohamia Intel, USB ilikubaliwa, ila jedwali la sehemu za diski likabadilika, na diski iliyoandaliwa kwa mtindo wa kale haikuwa tena njia ya kawaida ya kuwashia Mac mpya. Aliye na Mac ya kabla ya 2006 na diski ya kisasa asianze kwa kulaumu waya.

Mabadiliko makubwa kwa kompyuta nyingine yalikuja na UEFI, mrithi wa BIOS, aliyeanzia kwenye kazi ya Intel ya miaka ya 1990 na kukabidhiwa kwa jumuiya ya watengenezaji mwaka 2005. Mkimbiaji huyu mpya hasomi sekta ya kwanza. Anajua kusoma mafaili. Anatafuta sehemu ya diski yenye mfumo wa FAT, anaingia folda ya EFI, kisha BOOT, na kutafuta faili liitwalo BOOTX64.EFI. Kwa maana hiyo kuandaa flashi kumekuwa rahisi kuliko zamani: kwa mifumo mingi inatosha kunakili mafaili kwenye flashi ya FAT32. Wanaoandaa Windows wamekutana na kikwazo chake, kwamba FAT32 haikubali faili lililozidi gigabaiti 4, na faili kuu la Windows ya leo huwa linazidi. Programu ya Rufus inalikwepa hilo kwa kuweka sehemu mbili, moja ndogo ya FAT yenye draiva ya kusomea ile kubwa ya NTFS.

Kwa mtu wa kompyuta kuukuu, kipindi kigumu zaidi ni cha mpito, kuanzia 2010 mpaka katikati ya muongo ule. Mashine hizo zina tabia zote mbili. Menyu inaonyesha flashi moja mara mbili, mara moja kwa jina lake tupu na mara ya pili likitanguliwa na UEFI. Wengi huchagua ya kwanza wanayoiona. Ukiwasha kwa njia ya zamani, kisha ukataka kuweka Windows kwenye diski ya ndani yenye jedwali jipya la GPT, utakataliwa kwa maandishi yanayofanana na hitilafu ya diski, na mtu asiyejua ataifuta diski nzima bila sababu. Njia unayowashia ndiyo njia utakayowekea mfumo. Hilo liamuliwe kwenye menyu, kabla ya mengine yote. Kuna na viroja: tableti za bei nafuu za Intel Atom za kuanzia 2013, prosesa yake ni ya biti 64 na UEFI yake ni ya biti 32. Hizo zinataka faili liitwalo BOOTIA32.EFI, na flashi nyingi hazina.

Kisha likaja suala la ruhusa. Tangu Windows 8, kompyuta mpya zilianza kuja na Secure Boot, inayomkagua mkimbiaji wa pili saini kabla ya kumpa kijiti. Ubuntu na Fedora walipata njia ya kusainiwa, na mara nyingi hakuna cha kuzima. Lakini hapa uzee umegeuka upande. Agosti 2024 sasisho moja la Windows liliongeza orodha ya vipakiaji vya zamani visivyoaminiwa tena, na watu wenye flashi na mifumo ya Linux ya miaka michache tu nyuma wakaona maandishi ya kukiuka sera ya usalama. Kompyuta ilikuwa nzima na ya kisasa, na flashi ndiyo iliyokuwa imezeeka. Mac zenye chipu ya T2, za kuanzia mwishoni mwa 2017, zimekwenda mbali zaidi: diski ya nje inakataliwa mpaka mwenye mashine aruhusu kwa nywila, tena akiwa ndani ya mfumo wake wa uokoaji.

Hili la nywila linatuhusu sana huku kwetu, ambako kompyuta nyingi ni za mitumba, zilizotoka maofisini Ulaya, Marekani au Ghuba. Ofisi hufunga BIOS ili mfanyakazi asiwashe mashine kwa flashi na kunyofoa data. Mashine inauzwa, nywila inasahaulika ndani. Ushauri wa mtaani ni kuchomoa betri ya ubao mama. Unafaa kwa kompyuta nyingi za mezani. Kwenye laptopu nyingi za kiofisi nywila imehifadhiwa kwenye chipu isiyohitaji betri, na kuchomoa hakufuti kitu. Kabla hujalipa, washa, bonyeza F2 au F1, uone kama unaingia bila kuulizwa. Dakika moja hiyo ina thamani kubwa kuliko kuuliza ram ni gigabaiti ngapi.

Je, ikishawaka kwa diski ya nje, mtu aishi humo? Swali hili limekuwa la wengi tangu Microsoft ilipositisha huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, huku Windows 11 ikidai TPM 2.0 na prosesa ambazo mashine nyingi nzima hazina. Kuonja Linux kwa flashi kabla ya kugusa diski ya ndani ni busara isiyo na gharama: unajua mapema kama Wi-Fi itashika, kama sauti inatoka, kama mwanga wa kioo unapungua. Ila kuonja si kula. Flashi ya kawaida inasoma mafaili makubwa vizuri, lakini kuandika vipande vidogovidogo, kazi ambayo kivinjari hufanya mchana kutwa, kunaichosha na kuichelewesha hadi mtu aseme kompyuta ni nzito. USB 2.0 kwa vitendo haivuki sana megabaiti 30 hivi kwa sekunde. SSD hiyohiyo unayotaka kuining'iniza nje, ukiifunga ndani kwenye waya wa SATA, itaizidi mara kadhaa kwa gharama ya bisibisi. Tofauti ninayoikubali ni mifumo midogo kama Puppy, inayojipakia yote kwenye ram kisha haiitaki flashi tena mpaka wakati wa kuhifadhi. Kwenye mashine isiyo na diski, hiyo inaishi.

Kwa prosesa za biti 32 hali inabana. Ubuntu iliacha kutoa toleo lake la mezani la biti 32 Oktoba 2017, na Debian 13, iliyotoka Agosti 2025, haina tena programu ya kuwekea mfumo kwenye prosesa hizo. Kuna mifumo midogo kama antiX iliyoendelea nazo. Yaani kijiti kinaweza kupokelewa bila kosa na wote wa mwanzo, kisha kiini kikasema lugha ambayo prosesa haikufundishwa.

Turudi mezani. Fundi amechomeka na diski ya pili ya nje, tupu, na anajaribu kufungua diski ya ndani. Inafunguka kwa kusitasita. Angekuwa na mashine ya Windows 8 au zaidi angeweza kuambiwa asome tu asiandike, kwa sababu Windows hizo zikizimwa kwa kawaida haziachii kabisa; zinalala na kushikilia diski. Hii ni ya Windows 7, haina mambo hayo. Folda ya picha ina gigabaiti 11. Anainakili kwanza kabla ya kitu kingine chochote, hapimi wala harekebishi, maana diski mgonjwa haina uhakika wa saa moja zaidi. Mafaili matatu yanagoma. Mengine yote yanapita.

Wakati yanapita anafungua kivinjari amwonyeshe mama kwamba intaneti inafanya kazi, na kila tovuti inamkatalia, ikidai vyeti vyake havijaanza kutumika. Anacheka, anaigeuza laptopu mafaili yakiisha, anafungua mfuniko mdogo wa chini na kutoa betri bapa ya CR2032, kubwa kama sarafu.

"Hii ndiyo inayokumbuka tarehe. Imeisha siku nyingi, kompyuta inadhani bado tuko 2007. Na kila ukiizima inasahau nilichoiambia kuhusu flashi."

"Kwa hiyo niende nayo nyumbani na hiko kiflashi kikining'inia hivyo?"

"Hapana mama. Kiflashi changu. Wewe tunakuwekea diski mpya ndani," anasema, na tayari ameshika bisibisi.